Ng'ombe Ambao Hawamo Kitabuni

Leo nimemdanganya aliyenifundisha Kiingereza, na hapa dukani nimeshika tama.

Mwezi uliopita nilimuuzia riwaya ya Kizungu. Nikamwapia: "Mwalimu, ngoja ufike pale bwana harusi anapodaiwa ng'ombe mia wa mahari!"

Leo karudi nayo.

"Mwanangu, nimeisoma mara mbili. Ng'ombe sijawaona."

Jamani, kitabu chenyewe sijawahi kukifungua! Niliona sinema yake tu, kwenye kibanda cha video hapa Bariadi, na hao ng'ombe aliwachomekea DJ anayetafsiri ili Wasukuma tucheke.

Nikakohoa. "Wamo, Mwalimu. Soma tena."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Basi ni macho yangu. Kesho naenda hospitali."

Nimpigie nikiri, au nimsindikize tu?