Siku Niliyomwambia Mwalimu Sijaelewa

Nakumbuka siku ile, mwanangu, wazee wa Bukiriro, kwetu Ngara, walipotuaga mimi na mwenzangu Baltazari wa Murukulazo. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa bado vipya, nasi wawili tumechaguliwa kwenda ng'ambo kusomea urubani. Mbuzi alichinjwa, pombe ya ndizi ikanywewa mpaka mwenyekiti wa kijiji akasahau hotuba yake. Nilicheka hadi mbavu zikauma!

Huko tulianzia ndege isiyo na injini. Inavutwa juu kwa kamba, kisha inaachwa ielee yenyewe. Mwalimu wetu, mzee mpole, alikaa kiti cha nyuma akieleza, nasi kila neno tukajibu, "Ndiyo, mwalimu." Unatujua sisi Wahangaza: kumwambia mzee hujaelewa ni kama kumwambia hajui kueleza. Kumbe kila tulipokosea, yeye kule nyuma alikuwa akiturekebishia kwa usukani wake.

Ikafika siku ya kuruka peke yetu. Baltazari alitangulia, akatupungia mkono, meno yote nje. Wakati wa kutua, mwendo ukapungua. Alipaswa kuinamisha pua ya ndege ili ishike kasi tena, yeye akaiinua. Ilianguka tukiona, akafa palepale. Nililia kama mtoto.

Baada ya mazishi mwalimu akaniuliza kama niko tayari. Mwanangu, hata mimi ningeiinua ile pua, na nilijua. Lakini nikisema, si nitarudishwa Ngara na aibu yangu?

"Sijaelewa," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza sijaelewa."

Mzee yule alinikumbatia. "Laiti mwenzako naye angeniambia," akasema huku akilia. Tukaanza upya. Nilimuuliza maswali mpaka akanibatiza jina, Bwana Kwa Nini, na chuo kizima kikanicheka. Sikujali hata kidogo.

Kisha nikaruka peke yangu. Raha iliyoje! Kule juu husikii ila upepo. Mwendo ulipopungua nikainamisha pua, nikaimba wimbo wa kuchungia ng'ombe mpaka nikatua.

Vita vya Kagera vilipokwisha nilikwenda Murukulazo, nikamweleza mama yake Baltazari ukweli wote. Akasema, "Basi waambie watoto, baba. Waambie wasituogope."

Ndiyo maana nakwambia. Mtu mzima akikueleza jambo usilielewe, mwambie, hata nikiwa mimi. Hutakuwa umenivunjia heshima. Mungu akupe walimu wenye subira, akupe na ujasiri wa kuwauliza, akurudishe nyumbani mzima.