Mimba ya Kunakili

Jamani, ndevu ninazo, lakini wiki iliyopita nilitangaza ujauzito kule kijijini Mamba.

Chanzo ni utafiti wangu juu ya wakulima wa tangawizi. Sura ya mbinu za utafiti ilinishinda, nikachukua ya dada mmoja aliyetangulia kutafiti huko, nikaiambia simu ibadilishe maneno. Jina lake sikulitaja. Kuipitia tena nikaona uvivu.

Basi nikapanda hadi Mamba kuwasomea ripoti kina mama wa kikundi cha wakulima hao, maana ndio walionilisha makande na kuvumilia maswali yangu. Nikakohoa kisomi, nikasoma: "Kina mama walinifungukia upesi kwa kunionea huruma, kwani nilikuwa na ujauzito mkubwa."

Macho yote yakashuka tumboni kwangu. Hata mimi nikajitazama tumbo.

Mama mwenyekiti akainuka taratibu, akachota uji wa tangawizi jikoni, akanifunika khanga mabegani.

"Yule binti aliyepanda milima hii na tumbo lake tulimpikia huu huu," akasema. "Ungemtaja tu, mwanangu. Haya, kunywa, maziwa yatoke."