Lori la Buluu la Siku Moja

Enzi zetu pale Bugolobi, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, gari halikuwashwa kwa kubonyeza kidude kama wafanyavyo vijana wa leo. Lilisukumwa. Lori kuukuu la baba, ambalo mtaa mzima uliliita Jajja, yaani bibi, halikuwaka bila kundi la watoto nyuma yake, na ujira wetu ulikuwa vipande vya muwa. Lilinuka mkaa na samaki wa bandari ya Port Bell. Jioni lilipanda kilima likikohoa, na mama akilisikia tu alirudisha mchuzi motoni. "Baba yenu huyo," alisema.

Kulisikia halikuwa jambo dogo. Siku zile wanaume walitoka asubuhi, wengine hawakurudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jajja alipokatika chasisi, baba akanunua lori jingine, lililokwishatumika lakini zima kabisa, la buluu, linalowaka lenyewe bila kelele. Tulilishangilia mno. Kesho yake tukamkuta baba analigonga milango kwa nyundo, kisha analipaka matope na oili chafu. Majirani walidhani kapagawa.

"Gari ikipendeza macho ya askari," alituambia, "mwenyewe anapotea."

Basi kila mvua ilipoliosha, tulilipaka upya, na kazi ile tuliipenda kuliko mpira. Mama peke yake hakulipenda lori hilo. Lilikuja kimya, naye akawa anashinda dirishani.

Sikukuu moja ya Idd baba akatutazama tulivyovaa nguo mpya, akalitazama lori. "Leo muoshe. Watoto yangu hawawezi kupanda matope siku ya Idd." Tulisugua kwa majani, maana sabuni ilikuwa adimu, na ile buluu tuliyokwisha kuisahau ikatokea. Tukaenda Port Bell kuona ziwa, tukiimba njia nzima. Sijapanda tena gari tamu kama lile.

Wakati wa kurudi askari walitusimamisha. Mmoja akalizunguka polepole.

"Hii gari ya nani?"

Baba akazima injini, akamwekea ufunguo mkononi. "Ya kwako, afande. Ngoja tu watoto washuke."

Tulirudi kwa miguu, mdogo wangu mabegani mwa baba. Mama alipotuona hakuulizia gari. Alimshika baba mikono yote miwili, akalia.

Siku hizi mwanangu hupeleka gari kuoshwa kila Jumamosi, ling'ae mpaka ajione humo vindevu vyake. Namwambia aache matope kidogo, anacheka na kusema mama umezeeka. Ni kweli, nimezeeka. Linaingia uani kimya hata silisikii, na kila jioni namkumbuka Jajja akikohoa kilimani, mama akirudisha mchuzi motoni, nasi sote tukijua kwamba baba yuko hai.