Nani Alimwambia Bata?

Fundi wa mageti hapa nyuma ya soko la Kitengela hawezi kumaliza kazi bila hasira. Anazima mashine ya kuchomelea, anapangusa jasho kwa kiwiko kwa sababu vidole vimejaa vumbi la chuma, analipiga geti ngumi mbili, kisha anauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Nani alimwambia bata?" Ni maneno ya mbweha kwenye katuni fulani ya zamani, na miaka thelathini baadaye fundi bado hajui ni nani aliyemwambia bata, wala aliambiwa nini. Kila mteja lazima aulizwe. Juzi Lennox, mwenye duka la rangi, aliitafuta hiyo katuni kwenye simu, akaikosa, akasema pengine fundi aliiota. Fundi alitupa glavu chini. "Niliiota? Kila Jumamosi?"

Mimi nilikuwa nimekuja kuchukua grili ya dirisha. Nikamuuliza mbona basi hakuona mwisho wake. Akaanza kupiga msasa grili yangu, ambayo ilikuwa laini tayari.

"TV ilikuwa ya jirani. Sisi tulikuwa tunaangalia kupitia dirisha. Chakula kikiletwa, mama mwenye nyumba anavuta pazia."

"Si uwaulize watoto wake? Wao walikuwa wanaona mpaka mwisho."

"Nilipatana na mmoja Kiserian mwaka jana," akasema, na ngumi ikatua kwenye chuma. "Alikuwa ndani, kwenye kochi, na hata huyo bata hamkumbuki!"