Mtu Aliyevua Kofia

Umeme umekatika tena, na harufu ya dizeli ya jenereta la jirani imeingia hadi ndani. Nimechoka hata kufunga dirisha.

Nilipokuwa mtoto, ukumbi wa parokia ulinuka hivi hivi. Padri alituonyesha filamu za zamani za Kimarekani, zisizo na rangi, za watu wa kawaida wanaoonewa na matajiri mpaka mji mzima unasimama upande wao. Mwaka ule chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kununua mahindi. Yetu yalikuwa yanabunguliwa kwenye magunia, na baba alikuwa haongei. Mama ndiye aliyemvuta aje.

Kwenye filamu moja, mwanamume wa koti lililochakaa aliingia mlangoni, akavua kofia, akatutazama. Mama akainama na kupiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyomsalimia mtu wa heshima. Vijana wa nyuma wakacheka.

"Hakuoni yule," baba akamnong'oneza. "Ni picha tu."

"Najua ni picha," mama akasema. "Lakini kavua kofia. Nimwache amesimama hivyo hivyo?"

Kisha nikasikia makofi ya baba, mazito, ya viganja vyenye sugu.

Filamu ile sasa ninayo kwenye simu. Naitazama nikiwa nimejilaza, viatu vya kazini bado miguuni. Kwenye filamu, mlango unafunguliwa. Nainuka, naiegemeza simu kwenye kikombe, ili mikono yote miwili iwe huru.