Zimwi wa Kisima cha Mchangani

Mji mzima wa Kyuso humwita Daktari kwa sababu anauza dawa za mifugo, lakini Jumamosi alasiri, duka likishafungwa, yeye huwa mvua, majambazi, mbuzi na mazimwi. Ndivyo mchezo wao wa kusimulia hadithi ulivyo: Mbithe na wenzake watatu kila mmoja ana mhusika wake hadithini, na yote yaliyobaki ni Daktari. Vidole vyake vinavyonuka dawa ya kupe hupanga ndengu mezani, kila punje adui mmoja. Huzungusha dadu kiganjani, huuliza, "Haya, sasa mnafanya nini?" halafu husubiri, na hamharakishi mtu.

Jumamosi hii alikuja na vita alivyoviandika kwenye kurasa sita: zimwi anayelinda kisima kilichochimbwa mchangani. Ubah, mmoja wa wachezaji, alishatangaza kwamba anachomoa panga.

"Ngoja," Mbithe akasema. "Kwetu mtu ukimkuta kisimani unamsalimu kwanza. Mimi namsalimu. Namuuliza kama amekunywa."

Wenzake wakaangua kicheko. Daktari akazitazama kurasa zake sita, akazikunja, akazikalia. Mbithe alikuwa akingoja ile sauti nene ya mazimwi, lakini iliyotoka ilikuwa ya Daktari mwenyewe, ya chini kabisa.

"Wote hunijia wakitaka kitu. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mbithe akatazama meza. Chai Daktari alikuwa amewamiminia wote wanne, kama kawaida, na mbele yake hapakuwa na kikombe. Mbithe akamsogezea chake.