Siku Niliyopimwa kwenye Mizani ya Vitunguu

Aibu hii ni yangu, na kwa kuwa nusu ya Karatu iliiona kwa macho, afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaoisimulia huku wameshika mbavu.

Ilikuwa siku ya mnada, manesi wamekuja na turubai lao kupima presha na sukari bure, na mimi nilikuwa nimembembeleza wee jirani yangu Mama Rehema (mwanamke wa Singida, kibarua kwenye mashamba ya kahawa) aje apimwe, maana kila asubuhi kichwa kinamgonga mpaka anaona nyota, na dada yake aliondoka hivyo hivyo, alilalamika kichwa, kichwa, kisha akaanguka jikoni. Hakutaka. Ni mnene kama mimi na alikuwa anaona haya. Nikamwambia twende, mimi nitatangulia kupimwa.

Tulipofika mbele, mizani ya nesi ikagoma. Nesi akasema utaratibu ni uzito kwanza, tusubiri iletwe nyingine. Jua linachoma, Mama Rehema ameshaanza kuangalia njia ya nyumbani, na mimi kwa kiherehere changu (marehemu mama alisema kitaniponza) nikasema jamani, mizani si ile pale, nikawaonyesha ya wanunuzi wa vitunguu, iko chini kando ya lori. Nesi akakubali, nikapanda.

Sasa mpimaji wa vitunguu amezoea kupaza sauti ili karani aliye upande wa pili wa lori asikie, na yule mzee akapaza. Kilo zangu sizitaji hapa, alivyozitaja yeye inatosha, zilisikika mpaka kwenye mbuzi. Mpakiaji mmoja juu ya lori akauliza, "Hiyo lumbesa ya nani?" (Lumbesa ni lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake mpaka linaota kichwa, ambalo serikali haichoki kulikataza.) Mnada wote ukacheka. Nikashuka kwa hasira hata ndala moja nikaiacha, na nilipogeuka tu, msaidizi wa mpimaji, baba mzima mwenye wajukuu, akanipiga mgongoni brashi ya rangi nyekundu, alama ya tajiri wake, kama anavyofanya kwa kila gunia lililokwisha kupimwa. Hadi leo anaapa kwamba ni mazoea.

Mimi sina habari. Nikakatiza mnada wote kichwa juu, mguu mmoja peku, nikidhani wanachekea kilo, mpaka mama mmoja wa mitumba akanivuta, akanifunika khanga na kunieleza nilichobeba.

Nilichukia, na bado nimechukia. Nilipokuwa mwembamba walewale walisema mume wangu hanilishi. Manesi wanasema tupunguze kula, sawa, kula nini? Nakaanga maandazi tangu alfajiri nimekaa kwenye kigoda, yasiyouzika ndiyo chakula changu cha mchana, jioni ugali, maana ndio unaoshibisha nyumba nzima, na mboga ikiwa kidogo mama ndiye anayejazia kwa ugali. Samaki na matunda anayotuhimiza nesi nayaona yakipita kwenye magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro. Na hao waliocheka, wana vitambi vyao, ila cha mwanaume kinaitwa heshima.

Niliporudi kwenye turubai Mama Rehema hayupo. Wanawake wote wametawanyika, wamebaki wanaume, wanapimwa presha wamekaa kwenye kiti, hakuna aliyepandishwa popote. Nesi akaniambia mizani nyingine imefika, niwaite wenzangu. Nikaondoka zangu.

Nimeapa sitapanda tena mizani yoyote hadharani, hata aje waziri kunishika mkono. Lakini hilo la kwangu ni dogo. Juzi nimemkuta Mama Rehema bombani, ameinamia ndoo, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikamwambia twende hospitali, kuna chumba chenye mlango, wapime presha tu, uzito tutaukataa. Hakucheka wala hakunikasirikia.

"Mama Paulina," akasema, "wewe una mdomo, na walikufanya vile. Mimi wangenifanyaje?"

Akajitwisha ndoo yake juu ya kichwa kilekile kinachomuuma, akaenda zake.